Mpira wa Mbungo Alioubana Faith

Matthew Ruwa si mwalimu, na katika miaka ishirini na sita aliyofanya kazi kwenye maabara ya shule yetu hapa Junda, watu wamehakikisha kwamba hasahau. Kwenye mikutano ya walimu haitwi. Kwenye picha ya mwisho wa mwaka husimama pembeni kabisa, karibu na mpishi. Nasema haya kwa hasira, na hasira yangu kubwa zaidi nitaifikia mbele, kwa sababu hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Mimi ndiye mwalimu wa kemia. Naitwa Emmaculate. Nililetwa hapa kutoka bara nikiwa na shahada, sanduku moja la nguo na Kiswahili ambacho Ruwa alikisikiliza siku ya kwanza kwa uso wa mtu anayeumwa na jino. Nilimwambia, "Kuja unisaidie na hii kitu." Akaja, akanisaidia, halafu akasema kwa upole, "Mwalimu, sisi hapa twasema njoo unisaidie kitu hiki. Lakini nimekuelewa, usijali." Tangu siku hiyo amekuwa akininyoosha, nami namwachia, maana hajawahi kunicheka mbele za watu.

Alizaliwa upande wa Rabai. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, baba yake alipofariki, akashuka Kisauni kutafuta vibarua. Wakati huo shule yetu ilikuwa ikijengwa, na yeye ndiye aliyechimba msingi wa maabara. Hupenda kuwaonyesha wanafunzi wapya pembe ambayo jiwe lilimshinda kwa siku mbili. Jengo lilipokwisha wenzake wakaenda zao, yeye akabaki kufagia. Msaidizi wa maabara alikuwa Mzee Matano, mtu wa Likoni, ambaye siku moja alimtazama akiosha vyombo vya kioo akamwambia, "Wewe mikono yako haina pupa. Kaa hapa." Ruwa akakaa. Matano alipostaafu alimwachia koti jeupe, funguo mbili na tabia ya kuzisemesha chupa anapozipanga.

Kwa ajili ya lile koti wanafunzi humwita Daktari. Ana sheria zake, na zote alizitoa kwa Matano. Chupa haishikwi shingoni. Harufu haivutwi, huletwa puani kwa kupepea mkono. Na vile vizibo vya mpira vinavyoziba midomo ya chupa havipakwi mafuta hata vikikwama vipi, kwa kuwa mafuta huupenya mpira, huulainisha, huufanya unate, na mwisho huumaliza. Vizibo vya Ruwa hulala ndani ya kopo la poda ya watoto. Juu ya mlango amepigilia kipande cha kadibodi alichokiandika kwa herufi kubwa: MAFUTA HAYAGUSI MPIRA. Wanafunzi walikuwa wakikitania kibao hicho, mimi nami nilikuwa nikicheka nao. Siku hizi sicheki.

Katika kidato cha nne kuna somo la polima, yaani vitu vilivyojengwa kwa vipande vidogo mno vilivyoungana kuwa minyororo mirefu: plastiki, nailoni, mpira. Shule nyingi hulifundisha kwa chaki. Mwalimu anaandika, watoto wananakili, basi. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka waone kwa macho, nikaagiza utomvu wa mpira kutoka Nairobi. Ulifika umeganda ndani ya chupa, mgumu, hautoki hata kwa kisu. Nilikasirika nusura niitupe chupa yenyewe. Ruwa aliigeuza mkononi mara mbili tatu akasema, "Nipe Jumapili hii, mwalimu. Nitapitia kwetu baada ya ibada."

Jumatatu alirudi na chupa ya utomvu wa mbungo, ule mmea unaotambaa juu ya miti ya msituni na kuzaa matunda ya manjano ambayo watu wa hapa hutengenezea juisi. Alikuwa ameutia matone ya amonia usigande njiani. Alinieleza kwamba utotoni walikuwa wakiukata mbungo, wakajipaka utomvu mkononi, ukikauka wakaubandua na kuuviringisha uwe mpira wa kuchezea. "Elimu yako hii, mwalimu," akaniambia, "tulikuwa twaichezea peku."

Basi tukaifanya darasani. Utomvu unamiminwa ndani ya maji, unaonekana kama maziwa. Unaongeza siki, unakoroga, na kufumba na kufumbua yale maziwa yanajikusanya kuwa donge kwenye kijiti. Mwanafunzi analichukua, analitia ndani ya beseni la maji na kulibana, maji yanaruka, na baada ya dakika moja ana mpira mkononi. Anaudondosha sakafuni. Unaruka hadi usawa wa meza. Hapo hata yule mvivu wa safu ya nyuma, aliyekuja shuleni kusubiri kengele tu, huinuka kitini. Kila mwaka tangu hapo Ruwa alikwenda Rabai kabla ya somo hilo, na kila mwaka mimi nilisimama mbele ya darasa nikapigiwa makofi kwa kazi yake.

Mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili darasa lile lilikuwa na Faith, binti yake wa pekee. Darasani naye alimwita Daktari kama wenziwe, na Ruwa alimwitikia bila kutabasamu, wote wawili wakijitia hamnazo. Faith alikuwa msichana wa mambo haraka. Zamu yake ilipofika hata kalamu hakuiweka chini. Alilichukua donge kwa mkono mmoja akalikamua ndani ya maji vile wanavyokamua tui nyumbani, ngumi moja, nguvu zote, akaliacha hivyo hivyo.

Ruwa akamwambia, "Uviringishe, mama. Mpira si ngumi."

"Huu ni wa kwangu, Daktari," akajibu. "Wangu utakuwa hivi."

Ukakauka ukiwa na umbo la ndani ya kiganja chake, na mabonde manne ya vidole upande mmoja. Alipoudondosha haukuruka juu, uliruka pembeni ukaingia chini ya kabati, na darasa zima likaangua kicheko. Ruwa alipiga magoti akautoa kwa ufagio, akaupangusa kwa koti lake na kumrudishia.

Hiyo ilikuwa Juni. Mwezi wa tisa Faith alishikwa na homa siku ya Jumatatu, na Ijumaa hakuwa nasi tena. Sijui kusema zaidi ya hayo. Nilimjua tangu kidato cha kwanza, na niliposimama kaburini kule Rabai sikuweza hata kumpa Ruwa mkono wa pole. Yeye ndiye aliyenishika bega.

Mama yake anaitwa Nyamvula. Ni msusi. Wateja wake huja barazani kwake Junda, wengine kutoka hata Ziwa la Ng'ombe, kwa sababu mkono wake hauvuti kichwa kikauma. Mafuta ya kupaka nywele huyapika mwenyewe kwa tui la nazi, na nyumba yao hunukia mafuta hayo tangu mlangoni. Kichwa ambacho hakuwahi kukisuka ni cha bintiye, maana shule yetu inataka nywele fupi. Kila Jumamosi asubuhi alimkalisha Faith chini kwenye mkeka, akampaka mafuta zile nywele fupi, akamwahidi kwamba siku atakayomaliza mtihani wa mwisho atamsuka kutwa nzima, bila kupokea mteja mwingine. Mtihani ulianza Faith akiwa na wiki sita kaburini.

Mpira ule waliukuta kwenye mkoba wa shule, chini ya vitabu. Nyamvula akauchukua, akaufunga kwenye kipande cha leso na kuuweka kabatini mwake. Picha za Faith zilikuwepo, sare ilikuwepo, lakini kitu chenye mwili wa mtoto wake ndani yake kilikuwa hicho kimoja tu. Ukivitia vidole vyako kwenye mabonde yale, umeshikana naye mkono. Ruwa aliniambia hivyo mara moja tu, tukiosha vyombo, akabadilisha mazungumzo.

Juni ya mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, Jumamosi moja, shule ilikosa maji na tukaifunga maabara mapema. Kwa kawaida Ruwa huwa nami maabara Jumamosi hadi adhuhuri. Siku hiyo alifika kwake saa nne asubuhi, akamkuta mkewe amekaa kwenye mkeka pale pale alipokuwa akimkalisha binti yao. Mkono wa kushoto ulikuwa umeushika ule mpira. Kwa mkono wa kulia alikuwa akiupaka mafuta ya nazi taratibu, huku akiimba kwa sauti ya chini.

Alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi. Tangu mazishi, kila Jumamosi.

Ruwa alirudi nyuma hatua tatu, akajikohoza nje ya mlango kama mtu anayefika sasa hivi, na alipoingia mpira ulikuwa umekwisha kufungwa kwenye leso. Jumatatu alinisubiri maabara kabla ya kengele. Alikuwa amekaa kwenye stuli, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mwalimu," akasema, "mke wangu anaupaka mafuta."

Sikuhitaji maelezo. Kile kibao kilikuwa juu ya vichwa vyetu sote wawili. Akaniambia kwamba Jumapili, Nyamvula alipokwenda kuteka maji, yeye aliufungua akautazama. Ulikuwa umeanza kulainika na kunata, lakini mabonde ya vidole yalikuwa bado yanaonekana. Mwaka uliopita pia aliwahi kuuona umebadilika, akadhani ni joto. Kuhusu mafuta hakuwaza kabisa. Nani awaze?

"Unaweza kuuokoa?" nikamuuliza.

"Mpira mbichi huu hauna salfa ya kuuimarisha. Kuutia salfa sasa ni kuuyeyusha upya na kuupika, na nikiupika alama zinakwenda. Lakini nikiukausha vizuri, nikautia poda, na asiuguse mafuta tena, utabaki kidogo. Ila lazima nimwambie kwa nini. Na nikimwambia, nitakuwa nimemwambia kwamba mikono yake ndiyo inayomfuta mtoto wake. Atakufa moyo, mwalimu. Hatainuka tena."

Hapa ndipo ilipo hasira yangu niliyosema nitaifikia. Mtu huyu hakuwa na elimu yangu, lakini alikuwa na jibu sahihi mdomoni, na alinijia mimi mwenye shahada anisaidie kulitoa. Nikamwambia anyamaze. Nilisema, "Usimwambie sasa. Mwache apoe kwanza. Tutafikiria njia." Nilidhani huo ulikuwa wema.

Akanyamaza. Juni ikaisha, Julai ikaisha, na kila Jumamosi tulipokuwa tukipanga chupa yeye na mimi tulijua kinachofanyika nyumbani kwake saa ile ile. Alikuwa akitazama saa ya ukutani na kuacha kuzisemesha chupa. Mara mbili alianza kuvua koti aende, mara mbili nikamwambia, "Ngoja kwanza."

Agosti, Nyamvula mwenyewe akamjia na ile leso. Mpira ulikuwa umekuwa uji mzito, umeshikana na kitambaa, hauna bonde hata moja. Hakulia. Alimwambia, "Baba Faith, anayeyuka. Sijui nimekosea nini. Wewe ni mtu wa dawa hizi, mtibu." Na Ruwa, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata juu ya bika la kioo lililovunjika, alimjibu kwamba ni joto la pwani, na kwamba atautia salfa maabara utakuwa mzima.

Alinikabidhi ile leso. Basi nikatoa wazo la pili, baya kuliko la kwanza. Nikasema tutengeneze mwingine.

Mwaka ule somo la polima lilikuwa bado halijafika, na kidato cha nne kilikuwa na msichana aitwaye Linda, mwenye mikono midogo na vidole vyembamba kama vya Faith. Ruwa alikwenda Rabai shingo upande, akaja na utomvu. Siku ya somo nilimwambia Linda aubane wa kwake kwa ngumi, asiuviringishe, na ukikauka tutakaa nao maabara kama mfano. Aliweka kalamu na daftari mezani, akakunja mkono wa sweta, akabana. Ulitoka mzuri, mabonde manne, laini, safi. Ruwa aliuweka dirishani ukauke wiki nzima, akaupaka rangi kidogo kwa majani ya chai ili uonekane wa zamani. Nilipouona nilisema hata mimi ningedanganyika.

Akaupeleka nyumbani. Nyamvula aliupokea kwa mikono miwili, akautazama, akasema, "Asante, Baba Faith. Umehangaika." Ruwa alipoleta habari hizo Jumatatu nilipumua. Yeye hakupumua. Alisema kwamba mkewe hakuushika muda mrefu.

Jumamosi tatu zikapita. Wiki ya nne Nyamvula alinipigia simu mwenyewe. "Mwalimu, Jumamosi mkimaliza njoo na Baba Faith. Mje pamoja."

Tulifika baada ya adhuhuri. Barazani hapakuwa na mteja hata mmoja, na kigoda cha wateja kilikuwa kimeinamishwa ukutani. Ndani, kwenye mkeka, palikuwa na chupa ya mafuta na kisahani, na juu ya kisahani ule mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni."

Tukakaa. Akauchukua mpira akampa mumewe. "Shika, Baba Faith."

Ruwa akaushika kwa mkono wa kulia. Vidole vyake vikubwa viliingia kwenye mabonde, si vyote, lakini vilielekea penyewe.

"Umekaa?"

"Umekaa."

"Sasa shika kwa kushoto."

Akahamisha. Vidole havikupata pa kwenda. Aliugeuza hivi, akaugeuza vile, mabonde yakabaki upande usio wake. Nilimwona akielewa kabla yangu, na uso wake ukaniogopesha.

"Mtoto wangu alikuwa wa kushoto," akasema Nyamvula. "Mamako alimfunga mkono ule kwa kitambaa mwaka mzima, akajua kuandika kwa kulia, kula kwa kulia, kupokea kitu kwa mkubwa kwa kulia. Haya, adabu alipata. Lakini kazi ya nguvu hakuiweza kwa mkono ule. Tui alikamua kwa kushoto. Nguo alizikamua kwa kushoto, mpaka anakufa. Wewe hukuwa jikoni, ungejuaje."

Nikaikumbuka ile kalamu. Faith alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia, hakuiweka chini. Nilikuwa nimesimama mbele yake kama hatua mbili hivi, nikalitazama donge tu.

"Uliujua tangu siku ya kwanza?" nikamuuliza.

"Tangu alipoutia mikononi mwangu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na mahali pake pale, kila Jumamosi, miaka miwili." Alizungumza polepole, bila kupandisha sauti. "Nikasema moyoni, mume wangu amehangaika kunitafutia, nitapokea. Nikaupaka mafuta Jumamosi ya kwanza. Nikaupaka ya pili. Ya tatu nikawaza, huu una mwenyewe. Yuko mtoto aliyeubana, na ana mama. Nami nazipaka alama za mtoto wa mtu aliye hai mafuta ya wangu aliye kaburini. Nikaogopa. Nikauweka chini. Huyo mtoto ni nani, mwalimu?"

"Linda. Wanakaa Ziwa la Ng'ombe."

"Mamake yupo?"

"Yupo."

"Mshukuru Mungu." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wangu uko wapi?"

"Maabara," akasema Ruwa. "Kwenye kopo la poda."

"Kwa nini poda?"

Najua aliona mlango wa kupitia. Angeweza kusema lolote, joto, vumbi, na mimi mwoga ningemuunga mkono. Alinitazama mara moja tu, na safari hii sikumwambia angoje.

"Kwa kuwa mpira hutunzwa kwa poda," akasema. "Mafuta huuyeyusha."

Nyamvula akaitazama chupa yake pale mkekani.

"Mafuta haya yangu."

"Ndiyo, Mama Faith."

"Wajua tangu lini?"

"Habari ya mpira na mafuta, tangu kwa Mzee Matano. Habari yako wewe, tangu Juni. Nilikukuta asubuhi moja, nikatoka."

"Juni alama zilikuwepo."

"Zilikuwepo."

"Ungeniambia siku ile, zingebaki."

"Zingebaki kidogo," akasema Ruwa.

Nikasema ni mimi niliyemzuia. Nilisema haraka, kwa kile Kiswahili changu cha zamani kilichorudi chote kwa hofu, maneno yakinigongana. Nyamvula alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisema tu, "Mlidhani sitaweza. Mimi niliyemwosha mwanangu kwa mikono hii, mkadhani jambo la mafuta sitaliweza."

Akainuka. Alileta beseni la maji na kipande cha sabuni, akauchukua mpira wa Linda akauosha mabonde yote, moja moja, akabadilisha maji, akauosha tena hadi mafuta yakatoka. Akaukausha kwa leso. Kwenye kikapu chake cha kazi alikuwa na poda ambayo huwapaka wateja shingoni. Akaunyunyizia, akausugua taratibu ukawa mweupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akanipa.

"Mrudishie mwenyewe. Mwambie auweke mbali na mafuta."

Kisha akakaa mkekani, akajifunika uso kwa kanga na kulia. Ruwa alishuka kutoka kwenye kiti akakaa chini kando yake, na koti lake jeupe ambalo hakuwa amelivua, akalia naye. Mimi nilitoka nikakaa barazani kwenye kile kigoda cha wateja. Nililia huko peke yangu, kwa kuwa sikuona kama nina haki ya kulia ndani.

Linda nilimrudishia mpira wake Jumatatu. Aliucheka, akaudondosha, ukaruka pembeni, akautia mkobani na kunisahau. Ule wa Faith Ruwa aliupeleka nyumbani siku hiyo hiyo. Uko kabatini mwa Nyamvula ndani ya kopo, na hauna umbo lolote. Nyamvula bado husuka. Jumamosi asubuhi hapokei mteja. Mume na mke wanasalimiana, wanakula pamoja, Jumapili wanakwenda kanisani pamoja, na Ruwa aliniambia kwamba mkewe hamlaumu. Aliniambia pia kwamba angefadhilisha kulaumiwa.

Mwaka uliofuata nilitaka kuliacha lile somo, nifundishe kwa chaki kama wengine. Ruwa alikataa. Alikwenda Rabai kama kawaida, akarudi na chupa ya utomvu, na asubuhi ya somo nilimpa chaki, nikaketi nyuma na wanafunzi. Hakushangaa, wala hakunishukuru. Aliwaeleza utomvu, siki, maji, akawaacha waubane mpira kila mtu apendavyo, kwa ngumi, kwa viganja, kwa mkono wowote. Hakumwambia hata mmoja auviringishe.

Kengele ilipolia alisimama mlangoni, chini ya kile kibao cha kadibodi, na rundo la vikaratasi alivyovikunja mwenyewe, kila kimoja na poda kidogo ndani yake. Walikuwa wanafunzi thelathini na wanane. Kila aliyetoka alimpa kikaratasi, akamtazama usoni na kumwambia maneno yale yale.

"Mwambie mamako asiupake mafuta."

Wengi waliitikia wakapita. Msichana mmoja, wa karibu na mwisho, akasimama na mpira wake mkononi, akacheka kidogo.

"Kwani mama yangu atautakia nini mpira wangu, Daktari, mpaka aupake mafuta?"

"Mwambie tu, mwanangu," akasema Ruwa, akampa kikaratasi chake na kumwita wa nyuma yake.